Wazazi wetu waliotekwa vitani: tupeane uzoefu

Wakuu, heshima kwenu.

Kila ikikaribia Siku ya Mashujaa tunakumbushana Vita ya Kagera, yetu na Uganda ya Idi Amin: hotuba ya Mwalimu ya Novemba 2, 1978, mizinga ya roketi iliyoitwa Saba Saba, mpaka Kampala ilipoanguka Aprili 11, 1979. Waliotekwa hawatajwi kabisa. Naomba hapa tukusanye habari zao. Naanza na za mzee wangu, kwa ruhusa yake.

Mzee alikuwa askari wa JWTZ, kikosi kidogo ng'ambo ya mto Kagera, upande wa Mutukula, mpakani na Uganda. Majeshi ya Amin yalipoingia na vifaru mwisho wa Oktoba, wao walikuwa wachache na hawakuwa na silaha ya kuzuia kifaru. Wakatawanyika. Yeye alikutwa kesho yake kwenye migomba, mguu umeteguka.

Alijua anapigwa risasi. Wakamvua viatu na mkanda, wakamfunga mikono kwa waya, kisha wakamfanya kuli. Walikuwa wanasomba kila kitu: ng'ombe, mabati, milango, hadi mali ya kiwanda cha sukari. Walimwamuru kwa Kiswahili, maana ndiyo lugha ya jeshi lao, na mzee anasema hilo lilimuuma sana, kutukanwa huku unaelewa kila neno.

Mvua za vuli ndizo zilizomwokoa. Jioni moja lori la mabati lilinasa kwenye tope, mateka wakafunguliwa mikono wasukume. Mvua ikashuka kubwa, ikawa inapiga yale mabati kiasi kwamba mtu hasikii hata anayepiga kelele pembeni yake. Mzee akarudi kinyumenyume mpaka migombani, halafu akakimbia na mguu uleule kuelekea msitu wa Minziro. Humo maji yanafika kiunoni, ruba wamejaa. Alikula ndizi mbichi mpaka midomo ikawa myeusi kwa utomvu. Alipofika mtoni, daraja la Kyaka lilikuwa limeshalipuliwa. Mzee mmoja wa Kihaya alimlaza kwenye mtumbwi, akamfunika nyavu, akamvusha usiku. Jina lake baba hakulipata, na mpaka leo anamwombea.

Huku kwetu nako akawekwa chini ya ulinzi. Umetokaje? Umewaambia nini? Afisa mmoja akamuuliza, "Mbona wewe hawakukuua?" Baadaye alirudishwa kikosini, akapigana hadi Lukaya, ndani ya Uganda, Machi 1979, walipokutana na Walibya waliokuja kumsaidia Amin. Sisi watoto tulikua tukisikia Lukaya tu. Ya Minziro ameanza kuyasema uzeeni, baada ya mama kufariki. Naamini lile swali ndilo lililomfunga mdomo miaka yote.

Karibuni.

Mwana wa Missenyi:
Pole kwa mzee, mkuu, na mfikishie shikamoo yangu. Sisi ni wa hukohuko. Baba hakuwa askari, alikuwa katekista. Walimchukua pamoja na vijana wa kijiji, wakawapeleka Uganda, na shangazi yangu mmoja alichukuliwa siku ile. Baba alirudi vita vilipoisha, amekonda, nywele nyeupe. Shangazi hakurudi. Wanaopita Kyaka wataliona lile kanisa lililobaki magofu. Baba akipita pale anavua kofia, hasemi kitu. Kwa hiyo mkuu, usisahau raia. Wao hawakuwa hata na kikosi cha kuwaulizia.

Mtoto wa Arua:
Nimesita kuandika, lakini umesema wazazi wetu. Baba yangu alikuwa jeshi la Amin. Alishikwa na Watanzania baada ya Masaka kuchukuliwa mwezi wa pili 1979. Anasema walimpa uji na sigara, na mwingine akampiga teke la mbavu ambalo linamsumbua mpaka sasa wakati wa baridi. Alitoroka usiku walinzi wakiwa wanasikiliza redio, akatembea kwa miguu kurudi kwetu West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda, akajificha mchana, akavua gwanda na kuomba nguo kwa watu. Alipofika, familia ilikuwa inavuka kwenda Zaire kama wengi wa kwetu. Mimi nimezaliwa ukimbizini huko. Mwenye uzi, kama mzee wako ataona vibaya mimi kuwemo humu, niambie, nitafuta.

Mwenye uzi:
Usifute, ndugu yangu. Nimemsomea mzee sasa hivi. Amenyamaza kidogo, halafu akauliza kama baba yako yu hai na kama alikuwepo Mutukula mwezi ule wa kumi na moja. Kama yupo, tafadhali muulize yeye mwenyewe, kisha uniandikie inbox. Mzee anataka kuongea naye kwa simu.