Nimezoea kushuti harusi, sasa nimepewa niendeshe sherehe nzima. Nichukue au nikimbie?

Kijana wa Nkuhungu

Wakuu mbukwenyi.

Mi nina kakampuni ka picha na video hapa Dodoma, tuko wanne, tulianza 2019 kipindi mji unajaa watumishi waliohamia, kila wikiendi sendofu, harusi, ubarikio, mahafali. Kazi yetu siku zote imekua moja, tunafika na kamera 2, droni ya kuazima, tunachukua matukio, tunaenda kuedit, baada ya wiki mbili bwana harusi anapewa flashi yake kwisha habari. MC akichelewa si letu, ubwabwa ukiungua si letu, umeme ukikatika tunawasha taa za betri maisha yanaendelea.

Sasa juzi kanipigia mzee mmoja, katibu wa ushirika wa wakulima wa zabibu njia ya Iringa kule Mpunguzi, binti yake tulimshutia sendofu mwaka jana. Anasema wanatimiza miaka 20 na wanataka sherehe "ya kisasa". Nikajua anataka video. Kumbe anataka kila kitu: jukwaa, tenti, skrini kubwa ya LED, saundi, mapambo, MC, filamu ya dakika 10 kuhusu walikotoka, vikundi viwili vya ngoma, na watoto wao walioko Dar na Uingereza waone mubashara kwenye YouTube. Watu 600, uwanja wa shule ya msingi, nje, katikati ya Agosti, saa nne asubuhi mpaka jioni. Nikamwambia mzee wangu hiyo sio kazi yangu, akanijibu "kijana, wewe si ndio kampuni? Sisi tunataka kuja kukaa tu".

Bajeti yao milioni 9. Wanatoa 2 mwanzo, 7 baada ya shughuli. Skrini nimeuliza Dar wanasema gari peke yake kupanda huku linakula hela, karibu kilomita 450 hizo na lirudi. Usiku silali, kuna saa naona ndo mlango umefunguka, kuna saa naona naenda kujiaibisha mbele ya kijiji kizima, maana nikiharibu kule njia ya Iringa nzima itajua. Waliowahi kuendesha shughuli nzima, nini kinaua?

Fundi Trasi

Kinachoua ni upepo. Mengine yote utaaibika tu ila hautaumiza mtu.

Umesema Agosti, nje, Mpunguzi. Mdogo wangu we Dodoma unaishi au unalala tu? Kuanzia mwezi wa 6 mpaka wa 9 huku upepo unatoka mashariki na kusini mashariki, asubuhi unakubembeleza, ikigonga saa tano unaamka na vumbi lake. Mi nlishafunga skrini ya mita 4 kwa 3 kwenye sherehe moja nje ya mji, asubuhi kumetulia kabisa, nikaweka mifuko minne ya mchanga kwenye miguu ya trasi, ile fremu ya chuma inayobeba skrini, nikajiona mtaalam. Saa saba kasoro niko na sahani ya pilau nikasikia sauti kama mtu anakunja bati. Nageuka naona skrini inainama mbele taratibuuu, kama mzee anayesinzia kanisani. Vijana wangu wawili wakaning'inia kwenye kamba kwa nyuma, na mgeni rasmi hapo mbele anahutubia, hana habari. Haikudondoka. Pilau sikumaliza.

Piga hesabu mwenyewe. 4 kwa 3 ni mita za mraba 12, upepo wa kilomita 54 kwa saa unasukuma hapo si chini ya kilo 160, na hausukumi mara moja ukatulia, unakuja unarudi unakuja unarudi mpaka nati zinaanza kuachia. Mifuko ya mchanga ni utani. Tafuta mapipa ya lita 200 ujaze maji palepale uwanjani, pipa moja hilo kilo 200, weka manne nyuma, funga na ile mikanda ya kufungia mizigo ya malori. Alafu mkubaliane kabla, nani akisema shusha inashushwa hata kama waziri anaongea. Ukiacha hilo kwenye kamati watajadili mpaka iwaangukie.

Na jua. Shughuli ya mchana skrini ikitazama magharibi, saa tisa mtakua mnaangalia ubao mweusi. Nenda pale uwanjani mapema, kaa na kiti kutwa nzima uone jua linapita wapi na upepo unapita wapi. Hiyo haina gharama na hakuna anayeifanya.

Bando Halitoshi

Fundi umenikumbusha kitu, mi nliwahi kuzimiwa saundi yote katikati ya wimbo wa taifa. Wa taifa! Tunahangaika na swichi dakika 5, watu wamesimama wima mikono ubavuni jua kali, kuja kufuatilia waya mmoja mmoja tunakuta jamaa wa bisi kachomeka mashine yake kwenye eksteni ya mixa, eti aliona tundu liko wazi 😂. Tokea siku ile jenereta la jukwaa ni la jukwaa, wapishi na bisi na friji za soda wana la kwao, na kijana mmoja analala na ile soketi kama mke.

Kuhusu laivu. Kama chaneli yako haijawahi kwenda laivu, iwashe sasa hivi, YouTube wanaweza kukuchukua mpaka saa 24 kukufungulia, usije ukagundua asubuhi ya tukio. Ukirusha kwa Mbps 6 masaa 4 unakula kama GB 11, sio bando la wiki hilo. Na usipime mtandao Jumatano uwanja ukiwa mtupu ukafurahi, siku yenyewe watu 600 wote wana simu na wote wanarusha status, mnara uleule. Chukua laini za mitandao miwili tofauti, na simu zenyewe ziinue juu kwenye mti au mlingoti, usiziweke chini ya meza ya chuma.

Nyimbo pia. DJ akipiga ngoma kali za bongofleva kwenye laivu, YouTube wanaweza kuikata au kuizima sauti na shangazi wa Uingereza anabaki anaangalia watu wanacheza kimya kimya. Kwenye laivu mi napeleka maiki za jukwaani tu, muziki wa DJ nauzima, naweka muziki wa ala tupu ambao nina ruhusa nao. Na hiyo droni ya kuazima hakikisha ina kibali cha TCAA, wale mamlaka ya usafiri wa anga, mji wa serikali huu usijifanye hujui.

Mhasibu Mstaafu

Nimesoma yote, mnaongelea mapipa na laini. Hela je?

Milioni 2 kabla na 7 baada maana yake wewe ndiye unawakopesha ushirika. Mwenye skrini hashushi kifaa bila hela, mwenye tenti vivyo hivyo, mpambaji ndo kabisa. Utaenda kwenye kikoba cha mkeo, utaenda kwa mjomba, shughuli itafana, halafu Jumatatu utaambiwa mhazini amesafiri. Mimi nilikuwa upande wa pili wa meza miaka mingi, najua mhazini anavyosafiri. Wala si ubaya, ushirika hela zao zinakuja zabibu zikiuzwa, na mavuno ya huku ni Februari Machi na tena Agosti Septemba. Sherehe yenu inaangukia kabla mavuno hayajalipwa! Umewauliza hiyo 7 inatoka wapi?

Omba nusu siku ya kusaini, asilimia 40 kabla lori halijapakia, 10 baada ya shughuli. Hiyo 10 ndiyo unayoweza kuilia ukinyimwa, zaidi ya hapo utauza kamera. Andikeni mkataba hata wa kurasa mbili, ndani yake muandike nani analipa ikiwa mgeni rasmi ameahirisha, maana hapa Dodoma mgeni rasmi kuitwa kikaoni ni kawaida kuliko mvua. Wakikukata asilimia 5 ya kodi ya zuio dai cheti chake, itakusaidia kwenye makadirio yako TRA. Toa risiti ya EFD. Na kazi yako ya kuendesha iandike kama mstari wake kwenye bajeti, vijana mnajumlisha vya kukodi mnasahau kujilipa, mnabaki na chenji mnaiita faida.

Ukilimaliza hili salama jisajili NeST, tangu 2023 zabuni za serikali ziko huko, na huu ndio mji wenye mikutano.

Zeze la Mvumi

Ngoma mbili, za nani? Kama ni muheme, ile ngoma ya akina mama wa Kigogo, na kikundi cha ilimba (kile kisanduku cha vijiti vya chuma kinachopigwa kwa vidole gumba) na zeze, nisikilize kidogo.

Nimeona mara nyingi mno saundi inafungwa kwa ajili ya hotuba na keyboard, wazee wakipanda na zeze wanapewa maiki moja ya MC. Muheme hauhitaji maiki yako, wale kina mama wakibana zile ngoma mapajani wakaanza kupiga unasikika mpaka barabarani, ukiiwekea maiki karibu unaharibu tu. Ilimba ni kinyume chake, sauti yake iko mlemle ndani ya kisanduku, ukikaa mita tatu umeikosa, na ndo ina utamu wote ule wa kunong'ona kwa chini. Iwekee maiki yake karibu na tundu, zeze maiki yake, waimbaji mbili kwa kushirikiana. Na wapande kabla ya ngoma, sio baada, masikio ya watu yakishachangamka na muheme hakuna anayesikia ilimba tena. Waulize wazee wenyewe wanataka kukaa vipi, wamezoea kutazamana, usiwapange mstari kama kwaya.

Nenda siku moja kwenye lile tamasha la muziki wa Kigogo Chamwino uone. Na uwalipe siku hiyohiyo mkononi tafadhali, sio soda na nauli.

Mama Kamati

Mwanangu nimekaa kamati za harusi tangu kadi za michango zinaandikwa kwa mkono. Nachokuambia ni kimoja, tafuta mtu mmoja ambaye kazi yake siku hiyo ni saa tu. Hashiki kamera, hagawi maji, hapigi picha na ndugu. Anasimama pembeni ya MC na karatasi, anajua nani anafuata na yuko wapi, kama mwenyekiti kaenda chooni anajua.

Ratiba inasema mgeni rasmi saa nne, we panga ukijua ni saa sita. Ila watu wako saa nne watakuwa wamekaa wengi tu, wazee wa vijijini wanawahi. Hapo katikati ndo uweke ilimba ya huyo baba hapo juu, uweke na hiyo filamu. Filamu ukiiweka baada ya chakula umetupa hela, hakuna atakayeiangalia. Na kwenye hiyo filamu usijaze viongozi, mtafute bibi au babu aliyepanda mche wa kwanza aonyeshe mikono yake. Chakula kisipite saa nane, kikipita utamuona MC bora akigeuka mbaya.

Jina la kila kiongozi na cheo chake liandikwe na katibu mwenyewe, asaini. Wewe usikosee cheo cha mtu Dodoma.

Kijana wa Nkuhungu

Wakuu na mama shikamoo, nimerudi na mrejesho. Jana nimeenda Mpunguzi na kiti cha plastiki nikakaa saa tatu mpaka saa kumi na moja, watoto wa shule wakadhani ni afisa elimu. Fundi uko sahihi, saa tano na robo kofia yangu ilipaa nikaikuta kwenye michongoma.

Jioni nikakaa na katibu na mhazini. Nilivyouliza 7 inatoka wapi wakaangaliana. Kweli ilikua ya mavuno. Tumeongea mpaka tumefika hapa: wameisogeza sherehe mpaka Oktoba mwanzoni hela zikishaingia, wanatoa nusu siku ya kusaini, 40 kabla ya lori, na wamekubali skrini iwe ndogo ya mita 3 kwa 2 tubanie gari. Katibu amelalamika kidogo "ndogo hiyo kama ya baa", nikamhadithia mzee anayesinzia kanisani, akacheka akasaini. Laini nitapima Jumapili wakati watu wanatoka ibadani wako wengi.

Kimebaki kimoja. Kwa ajili ya jua na upepo jukwaa tumeligeuza, skrini inatazama mashariki na ukuta wa madarasa unaikinga upande wa kusini, safi kabisa. Ila sasa meza kuu, itakapokaa wageni wote wa heshima, inaangaliana uso kwa uso na vyoo vya shule, mlango kwa mlango, mita kama 30. Mpambaji anasema anaweza kuweka pazia ila upepo huohuo utalifunua katikati ya hotuba. Kuna mtu anakodisha mapaneli ya kusimamisha ya mbao au mabati hapa Dodoma, kama mita 10 hivi?