Namwelewesha vipi mwenye nyumba kwamba mti wake unahitaji fundi?

Mpogoaji wa Moshi
Wakuu, salaam. Natunza miti hapa Moshi, mwaka wa sita sasa: kupogoa, kushusha iliyozeeka, kung'oa visiki. Kwa watu wanaoishi kwenye nyumba zao sipati shida. Shida ni nyumba za kupangisha. Mwenye nyumba yuko Dar, mpangaji ananipigia kwamba tawi limelalia bati. Naenda, naangalia, natoa bei, halafu naambiwa, "Kijana wa hapo mtaani anakata kwa elfu ishirini."

Wiki iliyopita niliitwa Shanty Town, kwenye mgrevilea mkubwa nyuma ya jiko la wapangaji. Zamani ulikatwa kichwa. Nilipopanda nikakuta pale ulipokatwa pametuama maji kama kibakuli. Nikachomeka kijiti, kikazama mpaka vidole vyangu vikagusa mti. Pembezoni mwa shimo yameota machipukizi manne, kila moja nene kama paja, yote yameinamia bati. Nikamtumia mwenye nyumba picha. Akajibu, "Mbona majani ni ya kijani?" Na masika ndiyo hayo yanakuja. Nimwambie nini?

Mama Vyumba Sita
Pole mwanangu. Mimi napangisha vyumba mtaa wa Majengo, na nilikuwa kama huyo huyo. Nilikuwa na mparachichi uani, nikamlipa kijana elfu kumi na tano apunguze tawi. Alikata kutokea juu tu, hakuanza na mkato wa chini. Tawi likavunjika kabla hajamaliza, likachuna gome mpaka usawa wa kiuno changu, likashuka na gata, bati tatu na kenchi. Kulikuwa na mtoto amelala chumba kile, Mungu alimnusuru. Mpangaji akahama, nikamrudishia kodi ya miezi minne. Chumba kikakaa kitupu, na mparachichi ukakauka upande ule uliochunwa.

Kwa hiyo usianze na habari za mti. Anza na bati. Muulize chumba kikikaa kitupu miezi miwili anapoteza shilingi ngapi, halafu ndiyo utaje bei yako.

Bwana Misitu
Mama kasema kweli, ila hilo swali la majani ya kijani linastahili jibu, kwa sababu wengi wanadanganyika hapo. Maji ya mti yanapanda kwenye mbao changa za nje, na chakula kinashuka kwenye gome la ndani. Kiini kinaweza kuoza chote na majani yakaendelea kung'aa. Machipukizi yaliyoota baada ya kukata kichwa hayakuanzia kwenye kiini, yameshikilia juu juu tu. Yakinenepa na kunyeshewa, upepo unayabandua.

Mti hauponi kama ngozi yetu. Unajenga ukuta ndani kuzuia uozo, kisha unafunika kidonda taratibu kuanzia pembeni. Ndiyo maana tunakata nje kidogo ya ule uvimbe ulioko tawi linapotokea, hatubaki na kigingi wala hatukwangui hadi shinani. Na tafadhali, tuache kupaka oili chafu kwenye kidonda, haisaidii. Kwa mti mzima wenye afya, usiondoe zaidi ya robo ya matawi mabichi kwa mara moja.

Mwenye Nyumba Njiro
Naomba niwasemee wenye nyumba. Hatukatai kulipa. Tunaletewa bei tupu kwa simu. Niandikie karatasi: tawi lipi linatoka na kwa nini, nani analipa bati likivunjika, matawi nani anayabeba. Mimi nilitaka kung'oa miti yangu yote niwe na amani.

Mpangaji Sakina
Mkuu wa Njiro, using'oe. Mimi nilichagua nyumba ninayokaa kwa sababu ya mjakaranda mmoja. Januari jua likiwaka, tunapika, tunafua na watoto wanacheza chini yake. Ila mwenye nyumba amemwaga zege mpaka shinani, na tangu hapo matawi ya juu yanakauka. Nimemwomba abomoe kidogo mizizi ipate hewa na maji, bado hajanijibu.

Bwana Misitu
Mwambie asichelewe. Na kwa wote: tawi likikaribia waya wa umeme, asipande mtu mpaka TANESCO wakate umeme. Kabla ya kuuangusha mti mzima, ulizeni kwanza halmashauri habari za kibali.

Mpogoaji wa Moshi
Asanteni sana, na mama, pole kwa yaliyokukuta. Nimekaa jioni hii nimeandika karatasi kama alivyosema mkuu wa Njiro: machipukizi mawili yanatoka sasa kwa kamba, mawili nayafupisha, mwakani narudi kuupima uozo, na bati likiguswa nalipa mimi. Chini nimeandika kodi ya vyumba viwili vya wapangaji wake kwa miezi miwili. Mpangaji ndiye aliyenitajia. Ni zaidi ya mara tatu ya bei yangu. Nimeituma pamoja na picha ya kile kijiti. Ameshaifungua, na sasa hivi anapiga simu.