Kesingi gani ya kompyuta ya mezani inapitisha hewa vizuri?

Wakuu habari, najenga PC ya kuediti video hapa Dar, joto lenyewe mnalijua na vumbi ndo usiseme. Nimebaki kati ya moja ya kioo mbele na Lian Li Lancool 216, nichukue ipi?

— Achana na kioo mbele mkuu, feni zinakosa pa kuvuta hewa. 216 mbele ni wavu, inakuja na feni 2 za milimita 160 na nyuma 1 ya 140, zinatosha kabisa.

— Naunga mkono, ila feni za kuingiza hewa ziwe na nguvu kuliko za kutoa, ndo vumbi halinyonywi kwenye vitundu. Na bati likague, bonyeza ubavuni, likibonyea kirahisi acha.

— Pima urefu wa GPU (kadi ya picha) kwanza, uone kama itaenea ndani.