RX 580 mbili, Ryzen ya Monero, au L3+ ya Kasumbalesa? Muuzaji anasubiri

mutoto_wa_Kampemba
Jambo yenu bakubwa. Niko Lubumbashi. Nataka kuanza kuchimba sarafu ndogo ndogo za mtandaoni nyumbani. Si Bitcoin, ile najua imeshatutoka mikononi. Kuna jamaa anauza kadi mbili za grafiki, RX 580, zote pamoja dola 150, zilikuwa zinachimba zamani. Mwingine ana kompyuta nzima yenye prosesa ya Ryzen 5 3600, dola 320. Rafiki yangu naye ananiambia niachane na zote mbili, kuna Antminer L3+, mashine maalumu ya kuchimba, iko Kasumbalesa mpakani, itatoa Litecoin na Dogecoin kwa pamoja. Nichukue gani? Wa kadi anataka jibu kabla ya Jumamosi.

Bwana_Waya
Kijana, umetupa bei tatu, lakini la maana hata moja hukutupa. Kadi ni za memori ya giga 4 au 8? Umeme unalipa kwa mita au forfaiti (bei moja kwa mwezi)? Kwa siku unaupata saa ngapi? Mashine itakaa wapi, una chumba chake au utalala nayo? Jibu hayo kwanza, bei baadaye.

XMR_milele
Ryzen. Usipoteze usiku kufikiri. Monero tangu Novemba 2019 inatumia RandomX, algoriti iliyotengenezwa makusudi ili prosesa ya kawaida ya nyumbani ishindane na wenye mashine maalumu. Kila uzi wa prosesa, yaani foleni yake ya kazi, unataka megabaiti 2 za kache ya L3, memori ya haraka ya ndani, na 3600 ina 32, kwa hiyo nyuzi zake zote 12 zinafanya kazi bila kubanana. Weka XMRig, programu ya kuchimbia, tia gigabaiti 8 za memori, kalale. Siku ukichoka kuchimba, bado una kompyuta nzuri ya kuandikia barua, kuchezea gemu, hata ya kumuuzia mwanafunzi. Hiyo L3+ ukichoka nayo ni ya kuzuilia mlango.

Angalizo moja: antivairasi itapiga kelele ukiweka XMRig. Ni kwa sababu wezi huificha kwenye kompyuta za watu ili wachimbie umeme wa wengine. Ukiishusha kwenye ukurasa wake wenyewe haina shida.

Kadi8GB
XMR_milele kila uzi wa mazungumzo jibu lake ni lile lile, hata mtu akiuliza pikipiki atamwambia Monero 😂

Mdogo wangu, kadi ina faida moja ambayo prosesa haina: leo Ravencoin, kesho Ethereum Classic, keshokutwa Ergo, unafuata sarafu inayolipa. Ila Waya amesema kweli kuhusu giga. Za giga 4 usiguse, Ravencoin haziingii tena, faili yake ya kazi imeshapita giga 4 siku nyingi. Na soma kibandiko cha nyuma vizuri. Kuna RX 580 zimeandikwa 2048SP. Jina la 580, ndani ni 570: viini 2048 badala ya 2304. Muuzaji mwenyewe pengine hajui.

pi_tajiri
Mbona mnamchosha mtoto wa watu? Sarafu ya Pi iko kwenye simu, haili umeme, unabonyeza mara moja kwa siku basi. Mimi niko nayo tangu 2019.

Kadi8GB
Kubonyeza kitufe si kuchimba, papa. Kuchimba ni mashine inapiga hesabu mpaka inatoa jasho. Simu yako haipigi hesabu yoyote hapo, inaandika tu kwamba umeamka.

pi_tajiri
Februari 2025 walifungua mtandao, inauzwa sokoni kama zenu. Cheka tu.

Bwana_Waya
Fungueni uzi wenu huko. Tunamsubiri mwenye swali.

mutoto_wa_Kampemba
Samahani bakubwa, delestaji (mgao wa umeme). Umeme umerudi saa hii. Tunalipa forfaiti, mita hatuna. Kwa siku labda saa 10, zikizidi sana 14, na mara nyingi ni usiku. Mashine itakaa chumbani, nalala na mdogo wangu. Kadi jamaa amesema ni giga 8. Kibandiko nitaenda kukiangalia kesho.

XMR_milele
Forfaiti! Ungesema tangu mwanzo. Umeme wako unakaribia kuwa bure, hesabu yote imebadilika. Nunua.

Bwana_Waya
Hapo ndipo mnaponiudhi. Forfaiti si bure, ni kwamba analipa mwingine. Mnajaza mizigo kwenye kabini (transfoma) ya mtaa, siku inaungua barabara nzima mnakaa wiki tatu na mishumaa, halafu mnachanga dola kumi kumi kwa kila nyumba kununua kebo. Nimezunguka na daftari la michango mwenyewe, najua sura za watu siku hiyo.

XMR_milele
Wati 100 za Ryzen ndizo zitachoma kabini? Jirani zako wanapikia resho (majiko ya umeme) za wati 2000, bukari (ugali) asubuhi, bukari jioni, maharage katikati, na huwaambii kitu. Kijana akiwasha kompyuta ndiyo anakuwa mwizi?

Bwana_Waya
Resho inazimwa watu wakishiba. Yako inakaa saa zote umeme ukiwepo. Na tuache kabini, tupige hesabu yako mwenyewe. Monero inatoa 0.6 kila dakika 2, ni 432 kwa siku kwa dunia nzima. Ryzen 5 3600 inatoa kama hashi (majaribio ya hesabu) 7000 kwa sekunde. Tuchukue dunia nzima ina hashi bilioni 5 kwa sekunde. Fungu lako ni 0.0006 XMR (Monero) kwa siku. Tuseme moja ni dola 200: umepata senti 12. Umeme saa 24 ni kilowati-saa 2.4, ukilipa senti 10 kila moja ni senti 24. Umechimba senti 12 kwa senti 24. Na huyu umeme anaupata nusu ya siku, kwa hiyo ni senti 6. Dola zake 320 zitarudi akiwa na wajukuu.

XMR_milele
Umechukua bei ya 200. Ikifika 600?

Bwana_Waya
Basi anunue Monero kwa hizo dola 320 na alale bila feni kichwani.

Kadi8GB
Hapo Waya kakushinda ndugu 😅 Na hata akizipata, ataziuza wapi? Soko la Binance waliiondoa Monero Februari 2024. Itabidi aibadilishe kwanza iwe USDT (sarafu inayofuata bei ya dola), ndipo atafute mtu wa kumpa dola kwenye M-Pesa au Airtel Money, na kila anayeigusa njiani anakata chake. Kwa senti 6 kwa siku atabaki na vumbi.

Lakini niwe mkweli na mimi. Kadi zangu mbili miezi hii hazijanipa hata senti 30 kwa siku zikiwaka mfululizo. Ravencoin tangu Januari 2022 walipunguza malipo kutoka 5000 hadi 2500 kwa kila bloku (fungu la miamala), na walikuwa hawajamaliza kupunguza. Bado naziwasha. Niseme nini, nimezizoea.

mwana_Temeke
Niko Dar, napita tu. Kongo si ndiko wale wa hifadhi ya Virunga wanachimba Bitcoin kwa maji ya mto? Kwa nini wao wafanikiwe na huyu mdogo ashindwe?

Bwana_Waya
Wale wako Luviro, Kivu ya Kaskazini, mbali na sisi kuliko unavyofikiri. Walianza 2020. Wana kituo chao cha maji, na umeme ulikuwa umezidi wateja, hakuna nyaya za kuupeleka. Kwa hiyo wakaweka mashine pale pale mlangoni kwa turbini. Huku Lubumbashi ni kinyume. Ile laini ya umeme kutoka bwawa la Inga hadi Kolwezi, kilomita kama 1700, iliwashwa 1982 kwa ajili ya migodi, na mpaka leo migodi ndiyo inakunywa kwanza. Wewe unaambulia kinachobaki, na kinachobaki kinakuja saa nane za usiku.

mwana_Temeke
Kumbe. Sasa hao wa migodi wanalipa senti ngapi?

mama_kuku
Wacha niseme ya kwangu, maana naona mnahesabu makaratasi.

Mwaka 2021 shemeji yangu alituletea kadi sita. Ethereum ilikuwa juu, kila mtu na shemeji yake. Tukaziweka chumba cha nyuma, kwenye fremu ya mbao aliyogonga mwenyewe, feni mbili zimeelekezwa dirishani. Miezi ya kwanza ililipa kweli, siwadanganyi, tulilipa karo ya watoto wawili humo.

Ikaja Juni. Mnajua Juni yetu, usiku unashuka chini ya nyuzi 10. Nilikuwa na vifaranga 50, na makala (makaa) yalikuwa yamepanda bei. Nikachukua boksi la vifaranga nikaliweka nyuma ya zile kadi, pale zinapopumulia joto. Hakufa hata mmoja. Wiki ya kwanza kifaranga anataka nyuzi 32 hadi 35, nilikuwa nasogeza boksi kidogo kidogo kila wiki mpaka nikawatoa. Babula (jiko la makaa) haijawahi kunipa hivyo, makala yanazima saa tisa ndipo wanapolaliana na kufa.

Agosti nikasikia harufu ya plastiki. Shemeji alikuwa ameunga zile raiza (vibao vya kuchomekea kadi) kwa viunganishi vya SATA, vile vidogo vya diski. Kadi inavuta kama wati 75 kupitia raiza, kale kaunganishi kanabeba 54. Kalikuwa kameyeyuka kama mshumaa, na kadi moja imekwenda nako. Tukabaki na tano.

Novemba mvua zikaanza. Umeme ulikatika jioni na radi, ukarudi usiku wa manane na nguvu ambayo sijui niieleze vipi. Balbu ziliwaka nyeupe kama mchana. Stabilaiza ilitoa moshi, ikafa, ikafa na kadi mbili, televisheni, na friji ya jirani ukutani kwa ukuta. Jirani mpaka leo anaamini ni sisi tuliochoma friji yake. Nikimsalimia anaitikia akiangalia pembeni.

Tatu zilizobaki tukaenda nazo mpaka tarehe 15 Septemba 2022. Siku ile Ethereum wakaacha kuchimba kabisa, wakahamia njia nyingine ya kuthibitisha. Shemeji alisema tuhamie Ethereum Classic. Kila mtu duniani alisema hivyo siku hiyo hiyo, kwa hiyo tukagawana makombo. Tuliziuza kwa bei ambayo siandiki hapa.

Vifaranga ndio waliobaki na faida.

Kadi8GB
Mama, pole sana. Lile la SATA ndilo kosa la kila mtu, mimi pia.

Mutoto, hiyo L3+ nayo usahau. Megahashi 504 (hashi milioni 504 kwa sekunde) kwa wati 800. L7 moja, ndugu yake mpya, ni megahashi 9500 kwa wati 3425, yaani unahitaji L3+ karibu 19 kuikuta, na hizo 19 zitakula wati zaidi ya 15000. Halafu chumba kimoja na mdogo wako? Inalia kama kinu cha kusagia mahindi, hamtalala.

mwana_Temeke
Mama kuku, nifafanulie kidogo. Joto la kadi ni sawa na joto la hita? Nina banda Mbagala, lakini kwetu baridi hakuna sana.

Bwana_Waya
Ni sawa kabisa. Wati 120 zikiingia kwenye kadi zinatoka joto la wati 120, hesabu inazopiga hazibebi chochote nje. Mtu ambaye angewasha hita ya wati 300 kwa vifaranga vyovyote vile, akiwasha kadi mbili badala yake hapotezi kitu, na senti zinazodondoka ni zake. Kwa mara ya kwanza kwenye uzi huu nimeona hesabu inayokubali. Ila ni Juni na Julai tu. Oktoba utawapika.

XMR_milele
Ryzen pia inatoa joto.

Kadi8GB
😂😂

mama_kuku
Weka wavu katikati. Manyoya yanaingia kwenye feni, na vumbi la maranda ni baya kuliko manyoya. Mimi nilikuwa napuliza kila Jumapili.

pi_tajiri
Sisi wa Pi hatuna manyoya.

mutoto_wa_Kampemba
Bakubwa nimerudi. Nimefika kwa jamaa. Kibandiko kinasema 2048SP, njo vile mlisema. Moja kashauza jana, hii iliyobaki anataka 90, nimemwambia 50, amekasirika lakini hajanifukuza. Aliiwasha mbele yangu, feni moja inazunguka kwa kusitasita.

Yaya mama_kuku, samahani nauliza nje ya mada: vifaranga 50 siku hizi vinafika falanga ngapi, na unavitoa wapi? Mama yangu ana nafasi nyuma ya nyumba.

mama_kuku
Nitakuandikia pembeni. Anza na 25, usianze na 50. Na mwambie mama asinunue chakula cha mfuko uliokwisha funguliwa.

Kadi8GB
Feni inabadilishwa, ni dola chache. Kwa 50 mimi ningechukua.

Bwana_Waya
Mimi nilimwuliza saa za umeme, hakuna aliyemwuliza kitu kingine. Mutoto, stabilaiza unayo?