Kumbi za Mwanza: tumpandishe msanii mwenye ulemavu, au tushushe jukwaa?

Wadau wa sanaa Kanda ya Ziwa, habari zenu. Naleta hoja, na anayeipinga aje na hoja.

Ukumbi wowote wa maonyesho hapa Mwanza usipewe kibali wala fedha ya umma mpaka msanii mwenye ulemavu aweze kufika mwenyewe pale anapofanyia sanaa yake. Sizungumzii viti vya watazamaji. Nazungumzia jukwaa.

Mimi ni fundi sauti, kumbi za mjini nazifahamu. Mlangoni utakuta mteremko mzuri wa zege, mgeni rasmi anausifu. Jukwaani kuna ngazi sita, hazina hata pa kushika. Mwimbaji wa kiti mwendo akiitwa, MC anaomba "vijana wanne wenye nguvu". Wanamnyanyua na kiti chake mbele ya ukumbi mzima, yeye mkono mmoja umeshika kiti, mwingine unavuta gauni lisipande. Wakimtua tu, muziki unaanza. Pumzi haijatulia, naisikia kwenye maiki ikikatika ubeti wote wa kwanza. Watu wanapiga makofi mengi sana, ya huruma. Inaniuma kila mara, maana huyo mtu anajua kuimba.

Wenye kumbi husema Mwanza ni mawe matupu. Kweli, kupanda Igogo au Mabatini ni kazi hata kwa mwenye miguu miwili mizima. Ila jukwaa tulilijenga wenyewe, halikuota mwambani. Kwenye gharama nawaelewa zaidi: mteremko salama unataka mita 12 za urefu kwa kila mita moja ya kimo, kwa hiyo jukwaa la mita moja na nusu linadai mita 18. Kumbi nyingi hazina nafasi hiyo.

Lakini nani alisema sanaa lazima iwe juu? Nendeni Bujora, Kisesa, wakati wa Bulabo, tamasha la ngoma la Wasukuma, mwezi wa sita. (Bujora yenyewe ina mawe yake, hilo nalijua.) Bagika na Bagalu, makundi mawili ya wachezaji ngoma, wanashindana kwa wakati mmoja, wote wako chini uwanjani, na anayevuta watu wengi ndiye mshindi. Hakuna anayepanda popote. Onyesho likishuka sakafuni, viti vikapangwa nusu duara na mabenchi ya nyuma yakainuliwa, mwenye ukumbi hajamwaga hata mfuko mmoja wa saruji.

Wengine watasema wasanii hao wana siku yao, tarehe 3 Desemba. Hapo ndipo hasira inanipanda. Wanaitwa, wanapewa soda na nauli, picha zinapigwa, halafu simu haiiti tena mpaka Desemba nyingine. Mzee Morris Nyunyusa hakuwa anaona, akapiga ngoma nyingi peke yake kwa mpigo mmoja, na ngoma zake ndizo zilizotangulia taarifa ya habari ya redio ya taifa kwa miaka na miaka. Alisikika kila siku, nchi nzima. Mwaka 2017 watu wenye ualbino wa Ukerewe walitoa albamu kwa jina la Tanzania Albinism Collective. Aliyewarekodi ni prodyuza kutoka Marekani, Ian Brennan. Ukerewe tunaitazama ng'ambo ya maji, na studio hapa mjini tunazo.

Kuhusu ile asilimia 2 ya mapato ya ndani ambayo halmashauri huwakopesha watu wenye ulemavu: ni mkopo, unarudishwa. Atarudisha kwa kazi ipi kama jukwaa limefungwa?

Na matangazo ya usaili yaandikwe, yasiwe picha tupu. Simu ya msanii asiyeona humsomea maandishi kwa sauti; ikifika hapo inatamka "picha", basi, nafasi imempita.

Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, na ibara ya 30 inataja wazi haki ya kukuza kipaji cha sanaa. Sheria yetu wenyewe ya Watu Wenye Ulemavu ni ya 2010. Kilichobaki ni halmashauri kuweka sharti kwenye kibali.

Kuna jambo moja sijalimaliza. Wapo wasanii wa kiti mwendo wanaosema kushusha onyesho ni kuwaficha, kwamba nao wanataka kuonekana juu kama wenzao, na mita 18 zitafutwe popote zilipo. Nawaomba wao waanze kuchangia, kisha wenye kumbi wajibu.