Sato wa vizimba kufa alfajiri Ghuba ya Mwanza

Wakuu, vizimba vyangu vya kufugia sato Ziwa Victoria viko kwenye kina cha mita 6, wavu unashuka mita 3. Ziwa likitulia siku kadhaa halafu upepo ukavuma, alfajiri sato wanahema juu, wakubwa wanatangulia kufa. Tatizo ni nini, na huko mbele itakuwaje?

Jibu 1
Hiyo ni oksijeni, mkuu, si ugonjwa. Usiku mwani, yaani vijimea vya majini, hautoi oksijeni ila unaendelea kuitumia. Tena jua likipasha maji ya juu, hayachanganyiki na ya chini, ambako kinyesi na mabaki ya chakula vinaoza na kumaliza oksijeni. Upepo ukivuruga, maji hayo mabovu yanapanda. Pima oksijeni saa 11 alfajiri: juu, katikati na chini ya wavu. Ikishuka chini ya miligramu 3 kwa lita, usilishe kabisa. Samaki aliyeshiba anahitaji oksijeni zaidi.

Jibu 2
Mita 6 ni kina kidogo mno. Sogea penye mkondo. Sugua wavu, matundu yakizibwa na mwani maji hayapiti. Na wakihema usiwavue kuwahamisha, utawamaliza.

Jibu 3
Huko mbele ni kugumu zaidi: maji ya moto hushika oksijeni kidogo, na joto likizidi, upepo wa kusi wa Juni hadi Agosti utapata shida kuchanganya ziwa na kupeleka oksijeni chini. Tena furu, samaki wadogo waliokuwa wakila mwani na mabaki, wamepungua sana tangu sangara aletwe miaka ya 1950. Inauma kuona mafunjo yanafyekwa ufukweni, maana ndiyo yanayozuia tope na mbolea inayolisha huo mwani. Yaacheni yasimame.