Naomba ushauri: omamori (hirizi ya Kijapani) ya mtihani irudishwe lini?

Wakuu, naombeni msaada. Omamori ya masomo, kile kifuko cha kitambaa kutoka hekalu la Dazaifu Tenmangu, Fukuoka, Japani, anakoenziwa Sugawara no Michizane (msomi aliyefariki 903, anayeheshimiwa kama mungu wa elimu), kwa desturi hurudishwa hekaluni baada ya mwaka ili ichomwe. Kamba haifunguliwi, ukichungulia tu, wanasema baraka imetoka.

Sasa mwaka wake unaisha Desemba, na mtihani wa pamoja wa vyuo vikuu vya Japani uko katikati ya Januari. Irudishwe kabla, au isubiri matokeo? Na kwa aliye nje ya nchi, mahekalu gani hupokea kwa posta?

Daruma, yule mwanasesere wa Kijapani wa kuwekea nia, haina utata: jicho lake la kushoto (kulia kwako ukiitazama, hapo wengi hukosea) hupakwa wino ukiweka nia, la pili ukifaulu.